Kaunta ya marejesho inayojua kazi yake, na uongozi unaoivunja nguvu

Duka ninalolitathmini hapa ni duka kubwa la vifaa vya nyumbani, linalouza mapazia, mazulia, pasi, blenda, birika za umeme, vyombo na samani ndogo ndogo. Jina lake silitaji, kwa sababu sehemu ya nitakayoyasema ni lawama, na wanaolaumiwa hawakupewa nafasi ya kujieleza. Ubora wa bidhaa zake nao nauacha, kwani wengine wameshauandikia vya kutosha. Ninachokitathmini ni kaunta moja tu, ile ya marejesho, ambako watu huja na maboksi yaliyofunguliwa na nyuso zilizokunjamana wakitaka kubadilishiwa bidhaa au kurudishiwa fedha zao. Kabla sijanunua kitu cha thamani katika duka lolote, huwa natazama kwanza kaunta hiyo, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoona kama ahadi za muuzaji zina uzito wowote baada ya fedha kuingia kwenye mtoto wa meza.

Maoni yangu kwa jumla ni kwamba wahudumu wa kaunta hii wanawahudumia wateja wagumu kwa ustadi ambao sijauona katika maduka mengine ya aina yake, na kwamba sera yenyewe imeandikwa kwa uangalifu. Hata hivyo, uongozi unaviharibu vyote viwili kwa tabia moja: kumpa anayepiga kelele kile alichonyimwa mpole.

Nianze na sera, kwa kuwa ugomvi mwingi wa kaunta huzaliwa ndani ya karatasi kabla mtu hajafungua mdomo. Maduka mengi huweka masharti ya kurudisha bidhaa nyuma ya kaunta ya marejesho peke yake, yaani mteja huyasoma kwa mara ya kwanza akiwa tayari amekasirika, na wakati huo kila sharti humwonekea kama mtego. Duka hili limeyabandika pale pa kulipia na kuyachapa nyuma ya risiti. Zaidi ya hapo, keshia huyasema kwa mdomo anapokabidhi mzigo, kwa maneno ambayo yanafanana kila mara kiasi kwamba ni dhahiri wamefundishwa: ukibadili mawazo una siku 30, kitu kiwe hakijatumika na boksi lake liwepo, kikiwa kibovu, njoo nacho hata kama boksi umeshalitupa. Sentensi hiyo haichukui hata nusu dakika, lakini inatenganisha mambo mawili ambayo wateja na wahudumu duniani kote huyachanganya, nayo ni kubadili mawazo na kuuziwa kitu kibovu.

Tofauti hiyo ni ya kisheria, na inafaa kila mnunuzi aielewe. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015 inampa mteja siku 30 za kuikataa bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zake zote. Baada ya siku hizo muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6 ya kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya mauzo, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo. Lakini sheria hiyo hiyo hailazimishi duka la kawaida kupokea pazia zima lisilo na dosari kwa sababu tu rangi yake haikupendeza ilipofika sebuleni. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 linampa anayenunua kwa mbali, kwa mtandao au kwa simu, siku 14 za kurudisha bila kutoa sababu, kwa kuwa hakuishika bidhaa kabla ya kuilipia. Aliyeingia dukani, akapapasa, akapima na kulipa, hana haki hiyo kwa nguvu ya agizo hilo. Siku za kubadili mawazo ambazo duka humpa ni hisani yake, nalo lina haki ya kuziwekea masharti. Bidhaa mbovu ni jambo jingine kabisa, na hakuna bango la dukani linaloweza kuifuta haki ya mteja pale ambapo sheria imeiweka.

Naliamini duka hili zaidi kwa sababu halijaandika popote kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Nimeyaona maneno hayo katika maduka mengi, yameandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la duka lenyewe, na sijawahi kuona yakipunguza ugomvi. Mteja aliyeuziwa pasi isiyopata moto hatarudi nyumbani kwa sababu ameonyeshwa bango. Atabaki pale pale, naye mhudumu aliyefundishwa kuonyesha bango tu hana la kuongeza, hivyo wote wawili wanabaki kurudia sentensi moja kwa sauti inayozidi kupanda.

Sasa niingie katika kazi ya wahudumu wenyewe. Mama mmoja wa makamo alifika na birika la umeme, akaliweka juu ya kaunta kwa kishindo na kusema, kabla hajasalimiwa, kwamba limevuja mpaka limelowesha meza yake, kwamba anataka fedha yake siku hiyo hiyo, na kwamba hataki kuambiwa habari za risiti. Ilikuwa wazi kwamba maneno hayo aliyapanga njiani. Wateja wa namna hii wengi si wakorofi kwa tabia, ila wamekuja wamejiandaa kwa mabishano kwa sababu mahali pengine waliwahi kubishiwa. Dada aliyekuwa kwenye kaunta hakumjibu habari za risiti. Alimwambia, "Pole sana mama. Limeanza kuvuja lini?" Kisha akalifungua, akalijaza maji mpaka kwenye alama ya juu, akaliweka juu ya kitambaa kikavu cheupe mbele ya macho ya yule mama, na kumwomba wasubiri kidogo pamoja.

Ndani ya birika, chini kabisa, kulikuwa na utando mweupe wa chokaa unaoachwa na maji yaliyochemshwa mara nyingi. Mhudumu mwingine angeushika huo kama ushahidi kwamba chombo kimetumika sana, na vita vingeanza. Dada huyu aliuona, nami niliuona akiuona, lakini hakuusema, kwa sababu haukuhusu swali lililokuwepo: birika linalovuja linavuja hata kama limetumika. Baada ya muda tone likajitokeza chini ya kile kidirisha cha kupimia maji, likateremka, na kitambaa kikaanza kulowa upande mmoja. "Ni kweli mama, linavuja hapa," alisema, akimwonyesha kwa kidole. "Naweza kukupa jipya sasa hivi, au nikurudishie fedha kwa njia ile ile uliyolipia. Wewe unapendelea lipi?" Yule mama akachagua jipya, tena akatoa risiti iliyokuwa kwenye mkoba wake muda wote huo.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu lina karibu kila kitu ninachokiheshimu katika kaunta hiyo. Majaribio hufanyika mbele ya mteja, hayafanyiki chumba cha nyuma ambako mteja hubaki akijiuliza kinachotendeka. Maswali huanza na kitu chenyewe, na nyaraka hufuata. Matokeo yakiwa upande wa mteja, anaambiwa waziwazi kwamba alisema kweli, na kwa mtu aliyekuja akihofia kuitwa mwongo, maneno hayo yana thamani karibu sawa na fedha. Hatimaye anapewa uchaguzi, na mtu anayechagua hana tena sababu ya kushindana.

Matokeo yakiwa kinyume, ustadi ule ule unaonekana kwa namna nyingine. Kijana mmoja aliileta blenda akidai kwamba haizunguki kabisa na kwamba ameuziwa takataka. Mhudumu aliuweka mtungi juu ya mota, akauzungusha mpaka ukatoa mlio wa kujifunga, akabonyeza, nayo ikazunguka. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mteja aliyedhihirika kwamba amekosea mbele ya watu huwa mkali kuliko alivyoingia. Mhudumu alisema tu kwamba kifungio cha aina hiyo ni kigumu kikiwa kipya na kwamba mtungi usipojifunga sawasawa mota hukataa kwa makusudi, kwa ajili ya usalama wa mikono. Kisha akamwachia kijana aujaribu mwenyewe. Alipoondoka hakuwa amerudishiwa chochote, lakini hakuwa ameaibishwa, na nina hakika atarudi kununua.

Suala la risiti linastahili neno. Risiti nyingi za madukani huchapwa kwenye karatasi isiyotumia wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayobadilika rangi inapoguswa na joto la mashine. Ndiyo maana zikiachwa juani, zikiwekwa karibu na joto au zikikaa kwenye mfuko wa plastiki wa pochi, maandishi hufifia mpaka karatasi ikabaki nyeupe tupu. Mteja anayekuja na karatasi ya namna hiyo hana hila yoyote. Duka lilimpa ushahidi usiodumu. Kaunta hii inalitambua hilo. Risiti ikiwa imefifia au imepotea, wahudumu hutafuta mauzo kwa namba ya simu iliyosajiliwa au kwa kumbukumbu ya malipo ya kadi, wakishapata tarehe na bidhaa wanaendelea kama kawaida. Aliyelipa taslimu bila kuacha namba hupewa vocha ya duka kwa bei ya siku hiyo, na haelezwi kama mtu anayeshukiwa. Ningependa tu keshia awashauri wateja waipige picha risiti siku ile ile, kwa kuwa ushauri huo haugharimu kitu na ungepunguza nusu ya mazungumzo ninayoyasikia pale.

Wapo pia wateja ambao kweli wanakuja kudanganya, na sitaki kujifanya kwamba hawapo. Kuna anayenunua zulia kubwa kwa ajili ya sherehe, akalitandaza siku mbili, akalikunja na kulirudisha akidai kwamba halikuenea sebuleni. Wahudumu wa duka hili hulikunjua lote sakafuni, kwa utaratibu ule ule kwa kila mtu, bila kumtazama mteja kwa jicho la tuhuma. Wanaangalia upande wa chini, ambako vumbi na nyuzi hujikusanya, na pembe, ambako miguu ya meza huacha mabonde. Wakikuta alama wanazitaja kama zilivyo: hapa pana doa, hapa pamebonyea, kwa hiyo haliwezi kuuzwa tena kama jipya. Hawasemi "umelitumia". Tofauti kati ya kauli hizo mbili ni kubwa, kwa sababu kauli ya kwanza inahusu zulia na mteja anaweza kuiangalia mwenyewe, ilhali ya pili inahusu heshima yake, na hakuna mtu asiyepigania heshima yake mbele ya foleni.

Katika jambo hili naona agizo la Ulaya nililolitaja lina kanuni ya haki ambayo maduka yote yangefaa kuiiga, hata yale yasiyolazimishwa. Mteja wa mtandaoni akiishughulikia bidhaa kupita kiasi kinachohitajika kuijaribu, hapotezi haki ya kuirudisha, ila anawajibika kwa thamani iliyopungua. Kanuni hiyo inaacha nafasi katikati ya kukataa kabisa na kulipa kila kitu. Duka hili halina nafasi hiyo katika sera yake. Zulia lenye doa dogo hukataliwa sawa na zulia lililochanika. Wahudumu wangekuwa na ruhusa ya kukata kiasi fulani kwa jedwali linalojulikana, mabishano mengi yangeishia kwenye hesabu.

Kuhusu mpangilio wa mahali, nitasema kwa ufupi. Kaunta iko mbali na foleni ya malipo, pembeni mwa ukuta, na ina viti viwili upande wa mteja. Mteja aliyeketi husema kwa sauti ya chini kuliko aliyesimama, na asiyekuwa na hadhira nyuma yake hana sababu ya kuigiza. Aliyepanga hivyo aliielewa kazi.

Na sasa nifike kwenye lawama. Mwanamume mmoja alileta pasi ambayo ganda lake la plastiki lilikuwa na ufa kuanzia kwenye mpini hadi chini, na uso wake wa chuma ulikuwa umebonyea kwenye ncha. Ilikuwa imeanguka, hakuna kasoro ya kiwandani inayobonyeza chuma kwa namna ile. Mhudumu alimweleza hivyo kwa upole, akamwonyesha mbonyeo huo, akamwambia kwamba dhamana haihusu kitu kilichoanguka, na akampa njia nyingine mbili: kutengenezewa kwa gharama yake katika karakana ambayo duka hufanya nayo kazi, au kuandika lalamiko kwenye fomu ambalo lingejibiwa kwa maandishi. Hivi ndivyo anayekataa anavyopaswa kukataa, kwa kumwachia mtu mlango. Yule mwanamume hakutaka mlango. Alipandisha sauti, akamwita mhudumu majina nisiyotaka kuyaandika, akatoa simu na kuanza kurekodi.

Meneja akatoka ofisini. Hakumuuliza mhudumu lolote, wala hakuishika pasi kuitazama. Alisema, "Samahani sana bosi, tutalimaliza sasa hivi," akaamuru mteja alipwe fedha zote, na akarudi alikotoka.

Kando ya kaunta, ameketi kwenye kiti cha pili, alikuwepo kijana aliyekuwa akijaza fomu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameleta mapazia aliyoyapunguza urefu kwa fundi, akakataliwa kwa sababu ya haki kabisa, akaelewa, akashukuru na kuchukua fomu. Alipoona yaliyotokea aliinuka na kumuuliza mhudumu, kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa hiyo, dada, na mimi nipige kelele?" Dada yule hakuwa na jibu. Asingeweza kusema ndiyo, na akisema hapana angekuwa anasema uongo mbele ya mtu aliyeona kwa macho yake.

Swali la kijana huyo ndilo lalamiko langu lote kwa uongozi wa duka hili. Nimeliona jambo kama hilo likirudiwa pale kwa sura mbalimbali, kwa hiyo silichukulii kuwa bahati mbaya ya siku moja. Sera inayolegea mbele ya sauti kubwa inawafundisha wateja wote kupaza sauti, na inawaadhibu waungwana kwa uungwana wao. Inamharibia mhudumu pia, kwa sababu kila anapokataa kitu kwa mujibu wa maagizo aliyopewa, anajua kwamba huenda atafanywa mwongo mbele ya watu na mtu yule yule aliyempa maagizo. Baada ya muda atachagua mojawapo ya mawili: ama ataridhia kila kitu ili asiumbuliwe, ama atajifunza kutojali. Ustadi ule wa birika na blenda hauwezi kudumu katika mazingira hayo, na itakuwa hasara kubwa ukipotea.

Najua hoja ya mameneja. Wanasema mteja ni mfalme, kwamba pasi moja ni gharama ndogo kuliko video inayosambaa, na kwamba foleni isubiriwayo ina thamani yake. Kauli kwamba mteja hakosei ni ya zamani. Huhusishwa na wafanyabiashara wa mwanzoni mwa karne ya 20 kama Marshall Field wa Chicago na Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake kubwa jijini London mwaka 1909. Ilikuwa na maana nzuri katika wakati ambapo mnunuzi alitakiwa kujilinda mwenyewe na muuzaji hakuwajibika kwa lolote. Ilimtaka muuzaji aanze kwa kumwamini mteja. Dada wa kaunta alianza hivyo hivyo kwa yule mama wa birika. Kuanza kwa kuamini ni jambo moja, na kulipa bila hata kuitazama pasi ni jambo jingine.

Historia ya maduka makubwa inaonyesha pia ukarimu usio na mpaka unavyoishia. Kampuni ya L.L.Bean ya Marekani husimulia yenyewe kwamba mwanzilishi wake, alipouza jozi 100 za kwanza za viatu vyake vya kuwindia mwaka 1912, alirudishiwa 90 kwa sababu soli ziliachana na ngozi, naye akawalipa wateja wote na kuvitengeneza upya. Huo ulikuwa ukarimu uliojengwa juu ya kasoro ya kweli, nao ulijenga jina la kampuni. Lakini mwezi Februari mwaka 2018 kampuni hiyo iliifuta ahadi yake ya kupokea marejesho bila ukomo na kuweka mwaka mmoja pamoja na ushahidi wa ununuzi, ikieleza kwamba baadhi ya watu walikuwa wakileta bidhaa zilizochakaa kwa miaka mingi, nyingine zikiwa zimenunuliwa kwa watu wengine katika mauzo ya vitu vya mitumba. REI, kampuni nyingine ya huko huko inayouza vifaa vya matembezi ya porini, ilichukua hatua kama hiyo mwaka 2013. Katika visa vyote viwili walioipoteza ahadi ni wateja wote, wakiwemo wale ambao hawakuwahi kuitumia vibaya.

Sisemi kwamba meneja asiwe na mamlaka ya kutoa msamaha. Sera isiyo na msamaha ni katili, na yapo mambo ambayo hakuna mwandishi wa sera anayeweza kuyaona mapema: mjane anayerudisha kitu kilichoagizwa na marehemu, au mtu aliyelazwa hospitalini siku zake 30 zikapita. Ninachodai ni kwamba sababu ya msamaha itoke ndani ya jambo lenyewe, iandikwe, na mwenye sababu kama hiyo kesho apewe vivyo hivyo. Tena uamuzi utangazwe na mhudumu aliye kwenye kaunta, baada ya meneja kuzungumza naye kando, ili mteja aone kwamba kaunta na ofisi zina kauli moja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10002, kinachohusu namna ya kushughulikia malalamiko ya wateja, kinataka kila lalamiko lishughulikiwe kwa usawa na bila upendeleo. Usawa huo hauwezi kupatikana pale ambapo kipimo ni ukubwa wa sauti.

Matusi nayo yanahitaji mpaka ulio wazi. Mhudumu wa dukani ni mfanyakazi aliye kazini, na baadhi ya nchi zimeanza kulitambua hilo kisheria. Uskoti ina sheria ya mwaka 2021 inayofanya kumshambulia, kumtishia au kumnyanyasa mfanyakazi wa rejareja kuwa kosa linalojitegemea. Katika duka hili, bango linalokataza kuwatukana wahudumu lipo, lakini siku ya pasi halikufanya kazi yoyote, kwa kuwa aliyetukana ndiye aliyeondoka na fedha mkononi na kuombwa samahani. Utaratibu unaofaa unajulikana kwa yeyote aliyewahi kusimamia kaunta: mteja huambiwa mara moja, kwa utulivu, kwamba shida yake itaendelea kusikilizwa akiacha matusi; akiendelea, mhudumu huondoka na msimamizi huchukua nafasi yake, na msimamizi hutoa jibu lile lile ambalo mhudumu angelitoa. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo inayokosekana hapa.

Kuna kasoro mbili ndogo ninazozitaja kwa ajili ya wanunuzi. Ya kwanza ni kwamba bidhaa zilizonunuliwa kwenye tovuti ya duka hilo hazipokelewi kwenye kaunta. Sharti zirudishwe kwa msafirishaji aliyeagizwa kupitia tovuti hiyo hiyo. Wateja hufika na mizigo mizito wakiamini kwamba duka ni moja, kwa kuwa jina ni moja, na hasira yao humwangukia mhudumu ambaye sharti hilo hakulitunga na hana uwezo wa kulibadilisha. Ikiwa mfumo hauruhusu, basi onyo liandikwe waziwazi kwenye ukurasa wa malipo. Ya pili ni muda wa fedha kurudi kwa aliyelipa kwa kadi. Wahudumu husema kwa mdomo kwamba huchukua siku kadhaa za kazi kwa sababu ya benki, na hiyo ni kweli, lakini stakabadhi ya marejesho haionyeshi siku ya mwisho. Mteja anayejua tarehe husubiri kwa utulivu; asiyejua hurudi kesho yake na kuanza ugomvi mpya kwenye foleni ile ile.

Kwa anayefikiria kununua vifaa vya umeme, nalipendekeza duka hili bila wasiwasi, kwa sharti kwamba anunue dukani kwenyewe, aipige picha risiti na kukijaribu kitu mapema ndani ya siku zake 30. Kwa mazulia na mapazia, apime nyumbani kwanza, kwa kuwa kitu kilichokatwa au chenye doa hakitapokelewa, na ni haki kisipokelewe. Samani za kuagiza mtandaoni ningesubiri kwanza, mpaka utaratibu wa kuzirudisha urekebishwe. Wahudumu wa kaunta ya marejesho nawapa nyota tano kati ya tano, na sera nne. Uongozi unapata mbili, nami niko tayari kuziongeza siku nitakapomwona meneja akitoka ofisini, akimuuliza mhudumu wake kilichotokea, akaishika pasi na kuitazama kabla ya kusema neno.